Mnyama aliyejeruhiwa ana daktari, jirani yake ana nani?

Kenya ni miongoni mwa nchi chache duniani ambapo mtoto wa ndovu aliyetumbukia kisimani anaweza kuokolewa asubuhi, akapandishwa ndege mchana na jioni akalala katika zizi lenye blanketi, pembeni yake akiwa na mtu wa kumpa chupa ya maziwa. Ni sifa kubwa kwa taifa na hakuna sababu ya kuionea haya.

Lakini mwenye kisima hicho, ambaye huenda ndiye aliyetoa habari, hurudi nyumbani kukarabati kisima chake kwa fedha zake mwenyewe. Usiku huohuo huenda akakesha shambani akigonga madebe ili ndovu wengine wasimalize mahindi yake.

Hapo ndipo penye kasoro. Kazi ya kuwatibu wanyamapori na kuwarudisha nyikani imepata madaktari, magari, ndege na wafadhili. Hata hivyo, mtu anayemwona kwanza mnyama aliyeumia, na ambaye ataishi jirani naye atakaporudishwa, bado hajaingizwa katika hesabu hiyo. Mpaka aingizwe, sehemu kubwa ya fedha zinazotumika zitakuwa sawa na maji yanayomwagwa mchangani.

Mvuvi wa Watamu

Mfano mzuri wa namna kazi hii inavyoweza kufanywa unapatikana Watamu, Kaunti ya Kilifi. Mwaka 1997 wakazi wa huko walianzisha kikundi cha kulinda kasa na mayai yao. Leo kikundi hicho ni shirika linaloitwa Local Ocean Conservation, na lina kituo cha kuwatibu kasa wagonjwa na waliojeruhiwa.

Mpango wake ni rahisi. Mvuvi akimnasa kasa wavuni bila kukusudia, hupiga simu. Watu wa kituo humfuata ufuoni, humpima kasa, humtia kibati chenye nambari kwenye pezi, na akiwa mzima hurudishwa baharini. Akiwa na jeraha au ugonjwa, hupelekwa kwenye matangi ya kituo kutibiwa.

Mvuvi naye hupewa malipo madogo kwa ajili ya muda na gharama zake. Si fedha za kumtajirisha mtu, wala hazifikii kile ambacho angepata iwapo angemchinja kasa na kuuza nyama na mafuta yake kwa siri. Hata hivyo zinamwonyesha kwamba muda wake una thamani, na kwamba hakuwa mjinga alipoacha kazi kusubiri gari la kituo juani.

Matokeo yake yanaonekana. Tangu mpango huo uanze, kasa wamenusuriwa kutoka nyavuni na kurudishwa baharini zaidi ya mara 20,000. Hakuna doria ya askari ambayo ingefikia idadi hiyo, kwa kuwa askari hawezi kuwa katika kila mtumbwi. Mvuvi yumo tayari katika mtumbwi.

Kasa wanaolazwa kituoni hapo nao wana mengi ya kufunza. Wengine huletwa mapezi yakiwa yamekatwa na nyavu zilizotupwa baharini. Wengine wamemeza ndoana. Wapo pia waliomeza plastiki, hewa ikajaa tumboni, wakabaki wakielea juu ya maji bila kuweza kuzama kutafuta chakula. Matibabu ya mgonjwa wa aina hii huweza kuchukua wiki au miezi.

Ikumbukwe kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017. Wafanyabiashara wadogo walilalamika sana wakati huo, na malalamishi yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa walilazimika kununua mifuko ghali zaidi. Lakini chupa, nyuzi na vipande vya nyavu vingali vinaingia baharini, na kila kipande kinachozuiliwa nchi kavu ni mgonjwa mmoja aliyepungua kituoni.

Kwa wale wanaodhani kuwa nyama ya kasa ni kitoweo cha bure, yaliyotokea Pemba yanatosha kuwa funzo. Machi 2024, watu tisa walifariki katika kisiwa cha Panza baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa watoto. Nyama hiyo wakati mwingine huwa na sumu ambayo haiondolewi na moto wa jikoni. Kwa hivyo mvuvi anayempigia simu mtu wa kituo huenda pia anaokoa familia yake.

Gharama ya ndovu mmoja

Kutoka baharini, hesabu inakuwa nzito zaidi inapofika kwa ndovu. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust lilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Kituo chake cha kulea ndovu yatima kimo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Mwanzoni ndovu wachanga walikufa mikononi mwa walezi wao. Sababu kubwa ilikuwa maziwa. Mtoto wa ndovu hawezi kustahimili mafuta yaliyo katika maziwa ya ng'ombe. Huharisha na kufa. Baada ya miaka mingi ya majaribio, Daphne Sheldrick aligundua kwamba maziwa ya unga ya watoto yaliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi ndiyo yanayomfaa. Wakulima wa nazi wa Pwani huenda hawajui kwamba zao lao lilichangia kuokoa ndovu.

Ndovu mchanga hunyonyeshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Walezi hulala naye zizini, na hubadilishana zamu ili asimzoee mtu mmoja kupita kiasi, kwa kuwa mlezi huyo akienda likizo mtoto anaweza kukataa kula. Akifikisha umri wa miaka mitatu hivi huhamishiwa Voi au Ithumba katika Tsavo Mashariki, au Umani katika msitu wa Kibwezi.

Huko huanza safari nyingine ndefu. Mchana yatima hutembea porini na kukutana na ndovu wa mwituni, na jioni hurudi zizini. Hakuna anayefukuzwa. Kila mmoja huondoka siku anayojisikia tayari, na safari hiyo inaweza kuchukua hata miaka 10.

Kazi hiyo imezaa matunda. Zaidi ya yatima 300 wamelelewa, na majike waliorudi nyikani wamezaa watoto zaidi ya 50. Baadhi ya waliokwisha kuondoka wamewahi kurudi zizini wakiwa na jeraha la mshale au waya, kana kwamba wanakumbuka mahali palipo na msaada.

Gharama hizo hulipwa kwa sehemu kubwa na watu wa nchi za mbali, ambao huchangia kuanzia dola 50 kwa mwaka kwa ajili ya yatima mmoja na kutumiwa habari zake. Kama biashara, ni mpango uliobuniwa kwa akili: mfadhili anajua jina la mnyama, anamwona akikua na anasherehekea akirudi nyikani.

Tatizo ni kwamba hakuna mfadhili anayelijua jina la mkulima wa Voi au Kibwezi ambaye ndovu huyo atakuwa jirani yake kwa miaka 50 au zaidi ijayo.

Anaporudi, anarudi kwa nani?

Ndovu hasomi ramani. Tsavo imepakana na mashamba na malisho ya Taita Taveta, Makueni, Kitui na Tana River, na ukame unapozidi, ndovu hutoka kutafuta maji na chakula. Kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kutokana na ukame. Wale waliosalia walikwenda palipokuwa na kitu cha kula, na mara nyingi palikuwa shambani mwa mtu.

Kwa mkulima mdogo, usiku mmoja unatosha kumfilisi. Kwa mfano, mwenye ekari moja anayetarajia magunia manane ya mahindi, ikiwa gunia ni Sh3,000, ana Sh24,000 zinazosimama shambani. Humo mna karo, mbegu za msimu ujao na deni la dukani. Ndovu wawili wakiingia kabla ya mavuno, deni hubaki na karo hukosekana.

Sheria haijamsahau kabisa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo nayo inapaswa kulipwa kwa bei ya soko, mradi mwenyewe awe alichukua hatua za busara kuilinda mali yake.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini madai yamekuwa yakikaa kwa miaka kabla ya kulipwa, na wengine wamekata tamaa wakaacha kufuatilia. Mkulima hapandi kwa ahadi. Mvua ikinyesha Novemba anahitaji mbegu Novemba, na fidia inayokuja baada ya miaka minne humkuta ameshauza mbuzi wake au ameshahamia mjini.

Mtu aliyefikishwa hapo ndiye anayeombwa apige simu akiona ndovu aliyenaswa kwenye waya. Wengi hupiga, na wanastahili heshima kwa hilo. Lakini wapo wanaonyamaza, na wapo wanaoutega waya huo wenyewe au kuazima mshale wenye sumu. Kumlaumu mtu huyo ni rahisi. Jambo gumu, na lenye manufaa zaidi, ni kumwondolea sababu.

Zipo njia ambazo tayari zimejaribiwa. Umani, kwa mfano, msitu wa Kibwezi umezungushiwa ua wa umeme upande unaopakana na mashamba, na upande wa vilima vya Chyulu umeachwa wazi ili ndovu wapite. Yatima anaporudi nyikani huko, jirani yake analala.

Njia nyingine ni ya gharama ndogo zaidi. Katika eneo la Sagalla karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na ndovu hukimbia. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu bora ya mazao, ua huo uliwazuia takriban asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba.

Ua huo una kasoro yake: ukame ukiwa mkali nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi ndovu. Lakini mvua zikiwa nzuri, mkulima anavuna mahindi na asali kutoka shamba moja, na asali ni bidhaa ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuinunua shambani na kuiuza barabarani kwa faida. Ua wa aina hii unajilipia wenyewe, jambo ambalo ukuta wa mawe hauwezi.

Ndege anayemfanyia mkulima kazi

Si wanyama wote wanaotibiwa walio adui wa shamba. Wengine ni vibarua wasiodai mshahara, na mkulima huwaua bila kujua.

Bundi ni mfano. Katika jamii nyingi huhesabiwa kuwa ndege wa mkosi, akilia juu ya paa hupigwa mawe. Lakini chakula chake kikubwa ni panya, na panya ni adui mkubwa wa ghala. Mkulima anayemwua bundi kisha kwenda dukani kununua sumu ya panya amejitoza kodi mwenyewe.

Sumu hiyo nayo huleta madhara mengine. Aina nyingi za sumu ya panya haziui papo hapo. Panya aliyeila hutembea kwa siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, na huyo ndiye anayekamatwa kwa urahisi na bundi au mwewe. Ndege hunywa sumu kupitia mawindo yake, na panya wanaosalia hupata nafasi ya kuzaana.

Kuna vituo katika maeneo ya Naivasha na Soysambu ambako ndege wa kuwinda waliopewa sumu, waliogonga nyaya za umeme au kuvunjika bawa hutibiwa na kufunzwa tena kuwinda kabla ya kuachiliwa. Kazi hiyo ni ya polepole, kwani ndege aliyeachiliwa kabla misuli yake haijapata nguvu hufa njaa. Mkulima anayeacha kumwua mmoja anafanya bila gharama kile ambacho kituo hufanya kwa miezi.

Kwa tumbusi hali ni mbaya zaidi. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hupaka mzoga sumu kwa hasira. Simba huenda asirudi kabisa, lakini tumbusi hushuka makumi kwa makumi na kufa pale pale. Dawa ya kuua wadudu iliyoitwa Furadan ilitumiwa vibaya kwa njia hiyo hadi kampuni ya FMC ya Marekani ilipoiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Sumu nyingine zingali zinapatikana.

India iliuona mwisho wa barabara hiyo. Tumbusi wake walikufa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1990 kwa sababu ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diclofenac, ambayo serikali ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ilipokosa wa kuila, mbwa wa mitaani waliongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao. Tumbusi ni mfanyakazi wa usafi asiyelipwa, na akiondoka wanadamu hulipa gharama.

Si kila mnyama

Wapo wataalamu wanaosema kwamba fedha za kumtibu mnyama mmoja mmoja zingefaa kununua ardhi au kulinda misitu. Hoja yao ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Kutumia fedha nyingi kwa tumbili mmoja, ilhali tumbili ni wengi, ni huruma isiyo na hesabu.

Lakini hesabu hiyohiyo inabadilika kwa wanyama wanaokua polepole. Ndovu hubeba mimba miezi 22 na huzaa mtoto mmoja. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na inakadiriwa kwamba katika watoto 1,000 wa kasa ni mmoja hivi anayefikia utu uzima. Kumwokoa jike mmoja aliyekomaa ni sawa na kumwokoa ng'ombe wa maziwa badala ya kusubiri ndama wakue.

Kwa hivyo busara ni kuchagua. Wanyama walio wachache na wanaozaa polepole watibiwe kwanza. Wale waliojeruhiwa na mikono ya binadamu, kwa waya, wavu au sumu, pia wana haki, kwa sababu jeraha lao linaonyesha mahali penye mgogoro unaohitaji kutatuliwa. Mnyama aliyezeeka au aliyeshindwa na mwenzake porini aachiwe porini.

Anachopaswa kufanya mkulima

Mkulima anayekuta mnyama aliyeumia asimkaribie. Nyati au chui aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Jambo la kwanza ni kuwaweka watoto na mbwa mbali, kisha kuwapigia simu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kumwarifu chifu, akieleza mahali, aina ya mnyama na jeraha lilivyo. Nambari ya kituo cha karibu inafaa kuwekwa kwenye simu kabla ya tukio, kama vile inavyowekwa ya daktari wa mifugo.

Ndama wa paa au digidigi aliyelala peke yake nyasini si lazima awe yatima. Mama yake humficha na kwenda kula. Anayemwokota kwa huruma amemfanya yatima, na akimpa maziwa ya ng'ombe huenda akamwua.

Ndege aliyevunjika bawa awekwe katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu, wala asimiminiwe maji mdomoni. Kasa aliyemeza ndoana asivutwe. Uzi ukatwe ukiachwa na urefu fulani ili daktari aweze kuufuata. Akiwa amezimia asitupwe majini mara moja, bali afunikwe kwa nguo mbichi kivulini hadi wataalamu wafike.

Mbweha au mnyama mwingine anayetembea ovyo bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Zaidi ya hayo, kumfuga mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa la jinai, hata kama nia ilikuwa njema. Wapo watu waliojikuta kortini kwa sababu ya huruma.

Kinachopaswa kubadilika

Kwanza, kila bajeti ya kumtibu mnyama iwe na fungu la mtu aliyemwona. Simu yake, siku yake ya kazi, wavu wake uliokatwa au kisima chake kilichobomolewa ni gharama za matibabu kama dawa ya usingizi ilivyo. Wapo watakaosema kwamba watu watawajeruhi wanyama makusudi ili walipwe. Watamu wamejibu hofu hiyo: malipo ni madogo, hulipia muda na wala si mnyama, na kibati chenye nambari huonyesha kama kasa ni yuleyule.

Pili, fidia ya mazao iwe na tarehe. Dai dogo la ekari moja au mbili lingeweza kukaguliwa na kamati ya kaunti na kulipwa kabla ya msimu unaofuata wa kupanda. Malipo ya nusu yanayofika kwa wakati yana faida kuliko malipo kamili yanayowakuta watu makaburini.

Tatu, kabla ya kundi la yatima kuhamishiwa eneo lolote, pawe na mpango wa majirani: nyua za umeme mahali panapofaa, mizinga ya nyuki mahali pengine, na vifuniko imara kwa visima na mashimo. Kifuniko cha kisima ni bei ndogo mno kikilinganishwa na miaka kadhaa ya maziwa.

Nne, vituo vya matibabu vinunue karibu. Nyasi, matawi, mboga, sare za wafanyakazi na chakula cha walezi ni biashara. Kikundi cha akina mama kinachouza bidhaa kwa kituo hakitahitaji semina ili kuelewa faida ya ndovu.

Tano, maduka ya agrovet yachukue jukumu lake. Muuzaji ndiye wa mwisho kuzungumza na mnunuzi wa sumu. Akimuuliza ya nini, na kumweleza jinsi ya kuzika mizoga ya panya, ameokoa bundi wa kijiji kizima bila kupoteza mteja.

Wanaojivunia ndovu na kasa wanaorudi nyikani wana haki ya kujivunia. Lakini wajue kwamba siku mlango wa zizi unapofunguliwa, kazi ya daktari imekwisha na ya mkulima ndiyo inaanza. Ajabu ni kwamba daktari hulipwa na mkulima hulipishwa. Jirani mwema hununuliwa kwa wema, na wema huo ukianza kuonekana katika bajeti, simu za kuokoa wanyama zitapigwa bila kusihiwa.